Severina na Ukuta wa Povu

Severina alimvunja mwanamume meno kwa mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na mbili. Walikuwa juu ya jukwaa la miti huko Sekenke, wakipiga lipu nyumba ya mwalimu, yeye akiwa saidia fundi. Fundi mwenyewe aliona kwamba kwa kuwa mikono ya saidia fundi imeshika karai la saruji, basi mwili uliobaki hauna mwenyewe. Severina aliliachia karai likaenda zake chini. Akachukua ubao wa lipu, ule wa mninga, akamtandika nao mdomoni. Fundi alishuka jukwaani bila kutumia ngazi, na meno yake mawili hayakupatikana. Ukuta ulikuwa umefika nusu. Severina alichanganya saruji nyingine akaumaliza peke yake jioni ile ile, na mwalimu, ambaye hakuwa mjinga, akampa na kuta zilizobaki.

Kazi yenyewe alikuwa nayo tangu utotoni. Mama yake alikuwa msiribaji wa matembe, zile nyumba za udongo, mwanamke aliyeitwa na kijiji kizima nyumba mpya ikisimama, na Severina alianza kukanyaga udongo na kinyesi cha ng'ombe kabla hajajua kusoma. Kusiriba ilikuwa kazi ya wanawake miaka yote. Siku udongo ulipogeuka saruji na kazi ikaanza kulipwa, ghafla ikawa ya wanaume. Anayesema mwanamke hawezi lipu akamuulize bibi yake ni nani aliyeisiriba nyumba aliyozaliwa ndani yake.

Basi akahamia Shelui, kwenye barabara kuu, ambako malori yanalala na nyumba mpya haziishi. Alipata kazi nyingi na maadui wengi zaidi. Alimtwanga mwuza mchanga aliyemletea mchanga wenye chumvi. Alimfukuza mumewe kwa sepetu, na mume akakimbilia Rungwa kurina asali, akapata mke mwingine huko, mpole, na hakurudi. Mafundi wa Shelui walimwogopa, wakamsema, wakamwita jike dume akiwa hayupo. Akipita walimwamkia vizuri sana.

Tusimpake mafuta, lakini. Mkono uliomsaidia jukwaani alirudi nao nyumbani. Alikuwa na mtoto mmoja, Aneth, na Aneth alikula kipigo cha kila aina: cha ugali ulioungua, cha ndoo iliyopasuka, cha kujibu, cha kutojibu. Severina alimpenda mtoto yule kuliko kitu chochote alichokuwa nacho chini ya jua, na alikuwa akimpiga akidhani anamkaza. Aneth alipofika miaka kumi na tisa alikuwa msichana mrefu, mkimya, asiyemwamini mama yake hata akisema mvua inanyesha. Hapo ndipo ubaya wote ulipoanzia.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa kuku aitwaye Kefa. Miaka yote alisafirisha kuku wa kienyeji wakiwa hai, ndani ya matenga juu ya malori, na joto lilikuwa likiwaua njiani. Akaamua atawachinja hapa hapa Shelui, awapaki kwenye barafu, lori la baridi liwabebe. Alijenga chumba kimoja kikubwa cha matofali kando ya lami, kisicho na dirisha, akawaita watu kutoka mbali na mashine yao. Walivaa vinyago usoni, wakashika mipira, wakapuliza ukutani maji mazito yaliyoumuka kama uji unaotaka kumwagika, yakakauka palepale yakawa povu gumu la rangi ya kimanjano, unene wa kiganja. Kuta nne na chini ya bati, kote povu. Nje jua lilikuwa linaunguza, ndani baridi. Shelui nzima ilipanga foleni kwenda kuligusa.

Aliyekuja kukagua alikuwa mwanamke wa zimamoto kutoka Singida mjini, Koplo Felista, mfupi, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Severina alikuwepo siku hiyo, alikwenda kuulizia kazi. Afande aliingia, akatazama dari, akatazama mlango, akatoka. Nje, hatua chache tu, Mama Rebeka alikuwa anawasha jiko lake la kukaangia viazi.

"Habari za kazi, mama. Unawashia nini hapo?"

"Nzuri, afande. Haya mapovu ya Kefa, mabaki. Yanashika mkaa kuliko mafuta ya taa." Akatoa kipande kwenye gunia, kikubwa kama kipande cha sabuni, akakigusisha kiberiti. Kikawaka papo hapo, moshi mweusi ukapanda, na Mama Rebeka akakitupa chini ya mkaa kwa ujuzi wa mtu aliyefanya hivyo wiki nzima.

Felista akamgeukia Kefa. Kefa akaanza kukuna shingo.

"Wauzaji waliniambia haliungui," Kefa alisema.

"Umeona mwenyewe. Sikiliza, mzee. Povu lako silikatai. Likifunikwa vizuri, moto unachelewa kulifikia na watu wanapata nafasi ya kutoka. Likiwa wazi hivi, moto utatembea darini haraka kuliko mtu anavyokimbia chini yake, na moshi wake ni sumu." Akaandika, akamsomea. Povu lote lifunikwe, kuta na dari, kwa lipu ya saruji juu ya wavu, unene usiopungua nusu inchi. Mlango ufunguke kwa nje, maana Kefa alikuwa ameufanya ufungukie ndani ili lori liweze kurudi nyuma mpaka kizingitini. Asiingie mtu kufanya kazi humo, wala asiwashe moto wala kuchomelea chuma, mpaka yeye arudi aone. Cheti baada ya hapo.

Mafundi watatu walijaribu. Saruji haikushika povu. Paskali, msimamizi wa Kefa, ambaye naye alijiita fundi, alipiga mita mbili za lipu nzuri na zote zikamshukia kichwani. Severina alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akapewa yeye.

Alichofanya ni kile alichokiona kwa mama yake. Alitandaza wavu wa kuku ukuta mzima, akaukaza kwa misumari mirefu iliyopenya povu mpaka kwenye tofali. Safu ya kwanza hakuipaka. Aliirusha. Alisimama mbali kidogo, akachota kiganja kwa kiganja, akaitupa ukutani kwa nguvu zote kama anayemtupia mtu mawe, mpaka ikauma kwenye matundu ya wavu. Kesho yake safu ya pili, keshokutwa akalainisha, kisha akamwagilia maji asubuhi na jioni. Siku nane, kuta mbili. Ukizigonga zilikujibu kama mwamba.

Zilibaki kuta mbili na dari. Kefa akapiga hesabu ya siku na akaona lori la baridi litafika Jumamosi, kabla ya lipu. Jumatatu ile akamwambia Severina kwa sauti tamu, "Dada, umechoka. Pumzika wiki hii, kuta zikomae kwanza." Severina, mjinga kwa mara moja maishani mwake, akapumzika.

Jumanne jioni Aneth alirudi nyumbani akiwa na uso uliochangamka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unacheka nini?"

"Nimepata kazi. Kwa Kefa. Tuko saba, tunanyonyoa na kupaki. Tunaanza kesho, mle ndani, maana nje kuna vumbi."

"Mle ndani hakujakwisha."

"Kumekwisha, mama. Kweupe kote. Paskali amemaliza leo."

Hakuna fundi duniani anayepiga lipu kuta mbili na dari kwa siku moja. Severina hakulala vizuri. Jumatano asubuhi alikuwa mlangoni kwa Kefa, akapita kati ya wasichana waliokuwa wanapanga ndoo, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa tatu. Ulikuwa mweupe, laini, wa kupendeza. Akaugonga kwa kifundo cha kidole. Haukujibu kitu. Akachukua nyundo, akaupiga mara mbili, na kipande kama ungo kikadondoka. Paskali alikuwa ametandaza ule unga mweupe wa kulainishia kuta, unene wa ganda la yai, juu ya povu tupu. Pale palipodondoka povu lilitoa uso wake wa kimanjano, likimtazama.

"Tokeni!" akawapigia kelele wasichana. "Tokeni wote, humu ni jiko la Mama Rebeka!"

Hakuna aliyetoka. Walimtazama jinsi watu wanavyomtazama mlevi sokoni. Aneth aliinamisha uso kwa aibu. Ndipo Paskali akaingia na Kefa nyuma yake, na Severina, badala ya kueleza, akamrukia Paskali. Alikuwa na maneno yote kichwani, ya Felista moja baada ya moja, angeweza kuyasema. Alimtia Paskali ngumi ya koo.

Walimpiga vibaya. Paskali alimkamata mikono kwa nyuma na Kefa akampiga mateke ya tumbo na mbavu, kwa viatu vya ngozi, akihema, akimtukana kwa Kinyiramba matusi ya nguoni mbele ya mtoto wake. Severina alikipata kidole gumba cha Paskali kwa meno akakiuma mpaka akasikia mfupa. Walimburuta nje wakamtupa kwenye changarawe za barabara. Utingo wa lori alimpita akimruka. Mama Rebeka alimletea maji, akamfuta damu, akasema kwa huruma ya kweli, "Severina, na wewe mdomo huna? Kila siku mikono."

Alimpigia simu Felista akiwa amelala chali. Felista alikuwa Manyoni, kwenye kesi ya kiwanda kilichoungua. Alisikiliza, akasema, "Mama, nitafika Jumatatu asubuhi. Mpaka nifike hakuna ruhusa ya mtu kuingia. Mpe Kefa simu." Kefa alipopewa aliikata simu bila kuipeleka sikioni.

Kutoka Jumatano mpaka Jumatatu ni siku tano. Severina alijua anachotaka, kimoja tu: Aneth asikae ndani ya chumba kile siku hizo tano. Wengine sita aliwahurumia, lakini tusidanganyane, alimtaka wake.

Jioni alijaribu. Aliapa atasema kwa upole. Aneth alirudi akiwa na manyoya kwenye nywele, akaweka mkoba chini.

"Umenidhalilisha," Aneth alisema. "Wanasema una wivu kwa sababu umenyang'anywa kazi."

"Aneth, lile povu linawaka. Uliliona kwa Mama Rebeka."

"Limepakwa."

"Limepakwa unga! Kesho usiende."

"Nitakwenda. Mama, wewe kila mtu ni adui yako. Ukimwona mtu umeshampiga. Nikuamini nini?"

Upole wa Severina uliishia hapo. Alimzaba kofi la kushoto na kulia, akamkamata shingoni, akataka kumfungia chumbani. Aneth akajinasua, akachukua mkoba wake, akaenda kulala kwa Mama Rebeka. Severina alibaki anautazama mkono wake. Alijichukia, na haikumsaidia kitu.

Ijumaa mchana alikuwa ng'ambo ya lami, mbavu zimefungwa kitambaa, anauza macho kwenye mlango wa Kefa kama alivyofanya jana yake. Mlango ulifunguliwa mtu atoe ndoo. Ndani akaona mwanga wa buluu, ule mkali wa kuumiza macho, ukiwaka na kuzimika.

Walikuwa wanachomelea.

Alivuka barabara bila kutazama, lori la saruji likampigia honi karibu limwage mzigo. Paskali alikuwa mlangoni, kidole kimefungwa tambara. "Wewe tena? Toka!" Severina hakusimama. Alimpiga kichwa cha pua, akapita. Mwenye lori la baridi alikuwa amewahi siku moja, yuko palepale uani anakunywa soda na Kefa, na Paskali, damu zikimtoka puani, akauvuta mlango akaufunga nyuma yake ili mgeni asiuone ugomvi. Hilo ndilo alilolifikiria, mgeni asione.

Ndani, wasichana saba walikuwa wamekaa kwenye vigoda, kuku mapajani. Simeoni, mchomeleaji, mtu wa miaka thelathini, baba wa mapacha, asiyekuwa na neno na mtu, alikuwa juu ya ngazi akiunganisha bomba la kutundikia kuku. Kinyago usoni, mashine inanguruma. Cheche zilikuwa zinamwagika ukutani na kuteleza juu ya ule weupe. Chini kidogo ya bomba, usawa wa kifua cha mtu, palikuwa na tundu kama ungo alilolibomoa Severina Jumatano. Hakuna aliyeliziba.

"Zima! Simeoni, zima!"

Hakusikia. Severina angeweza kwenda kuichomoa mashine, ilikuwa kwenye kona, hatua kumi. Hilo alikuja kulifikiria baadaye kwa siku nyingi. Wakati ule aliuona mguu wa Simeoni mbele yake, akaukamata kwa mikono miwili, akauvuta.

Simeoni alianguka kwa mgongo, kichwa kikagonga sakafu. Koleo la kuchomelea lilimponyoka likiwa bado na moto, likabembea kwenye waya wake, likaenda likakaa ndani ya lile tundu.

Kwanza palitoka sauti ndogo, kama mtu anayevuta pumzi. Kisha ukuta ukawaka kutoka hapo kwenda juu, ukafika darini, ukageuka, ukaanza kutembea chini ya bati. Ule unga mweupe ulikuwa unapasuka na kudondoka vipande vipande vyenye moto mgongoni. Moshi mweusi ulishuka kama pazia. Kuku walionyonyolewa walianza kunuka kuungua kabla mtu hajapiga kelele. Halafu wote saba wakapiga kelele pamoja, wakakimbilia mlango.

Mlango ulifungukia ndani. Wa kwanza, Cecilia, aliukamata mpini, na kabla hajauvuta wenzake sita walimfikia mgongoni wakamgandamiza juu ya mbao. Walisukuma. Kadiri walivyosukuma ndivyo mlango ulivyozidi kufungwa. Nje Paskali naye alikuwa anausukuma, anapiga kelele majina yao, na hakuweza kuusogeza hata unene wa kidole. Watu saba walikuwa wanajiua wenyewe kwa nguvu zao zote, na hakuna aliyejua.

"Rudini nyuma!" Severina alipiga kelele. "Rudini, ufunguke!" Nani amsikilize? Walikuwa hawamsikilizi hata kabla ya moto.

Akaokota kigoda. Aneth alikuwa wa nyuma kulia. Severina alikiinua na kumpiga nacho mkono, kwa nguvu yote aliyokuwa nayo, akausikia mfupa ukivunjika. Aneth alipiga ukelele akaruka nyuma. Pale alipotoka pakabaki nafasi. Severina akaingia hapo. Alimkamata mmoja nywele akamtupa sakafuni. Alimpiga mwingine kigoda cha kiuno. Alimuuma mtu bega. Aliwapiga jinsi ambavyo hajawahi kumpiga mtu, mchubuko juu ya mchubuko, akilia, akiwatukana, mpaka Cecilia akabaki peke yake kwenye mbao amezirai, naye Severina akamvuta miguu. Mlango ukafunguka kiasi cha kiganja. Mkono wa Paskali ukaingia, ule wenye kidole kilichofungwa, ukamkamata mtu wa kwanza ukamtoa.

Walitoka kwa kuburutwa. Severina alikuwa wa mwisho, akaanguka changaraweni, akawahesabu kwa macho yanayotoka machozi meusi. Saba. Aneth alikuwa amekaa, mkono umening'inia vibaya. Saba wote.

Kisha akakumbuka walikuwa tisa mle ndani.

Alirudi. Alifika mpaka kizingitini, akatumbukiza mikono miwili kwenye moshi akimpapasa Simeoni, na mikono ikaungua mpaka viwiko, na Mama Rebeka na utingo mmoja wakamvuta nyuma wakamkalia juu. Bati lilishuka, Simeoni akiwa bado chini yake. Tangu koleo liguse ukuta mpaka hapo, mtu asingemaliza Baba Yetu mara tano. Moto ulipokwisha kila kitu kilikuwa majivu, isipokuwa kuta mbili za lipu ya wavu. Zilikuwa nyeusi, lakini povu lilikuwa bado zima nyuma yake.

Kefa alikamatwa kwenye kizuizi cha polisi, akielekea Nzega ndani ya lori la yule mgeni. Paskali alijipeleka polisi mwenyewe.

Felista hakusubiri Jumatatu. Jumamosi asubuhi alikuwa hospitali, kwenye kiti kati ya vitanda viwili, kalamu mkononi, buti zimejaa majivu. Kitanda kimoja Severina, mikono imefungwa bendeji hadi viwiko. Kingine Aneth, mkono kwenye plasta ya hospitali.

"Mama, nieleze moto ulianzia wapi."

"Mama, mwambie cheche zilirukia dari," Aneth alisema haraka. "Sisi wote tutasema hivyo. Tumeshazungumza."

Severina alimtazama binti yake. Halafu akamgeukia Felista. "Ulianzia kwenye tundu. Tundu nililitoboa mimi kwa nyundo yangu. Na Simeoni nilimwangusha mimi."

Kalamu ilisimama.

"Afande, nikuulize na mimi. Ule unga wa Paskali. Nisingeutoboa, ungezuia?"

"Usingezuia. Ni kama kuipaka petroli chokaa."

"Ungechelewesha?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Felista alifunga daftari, akalifungua tena. Alikuwa mtu mkweli na hakupenda kuulizwa hivyo. "Sijui, mama. Pengine Simeoni angemaliza kazi yake akaenda nyumbani. Pengine wangekufa wote wanane saa moja baadaye na wewe ukiwa ng'ambo ya barabara. Hakuna mtu atakayekwambia. Kefa ana makosa yake, nitayaandika yote. Lakini haya uliyosema unajua nitayaandika pia?"

"Andika," Severina alisema. "Ana mapacha yule. Andika vizuri."

Felista akaondoka. Nje kwenye benchi askari polisi alikuwa amekaa, anasubiri daktari aseme lini mgonjwa anaweza kusafirishwa. Aneth alitazama dari muda mrefu.

"Mama."

"Naam."

"Pale mlangoni tulikuwa saba. Mimi nilikuwa pembeni, wala sikuwa karibu na mpini. Kwa nini ulianza na mimi?"

Severina alijua jibu tangu sekunde ile aliponyanyua kigoda. Lilikuwa limemnyima usingizi usiku kucha kuliko maumivu ya mikono. Angeweza kusema ni bahati mbaya, au kwamba moshi ulikuwa mwingi. Hakutaka kumdanganya mtoto huyu.

"Wengine nisingejua watafanya nini nikiwapiga. Wangeweza kunipiga na wao, tungeshikana tukafa. Wewe nilijua. Wewe nikikupiga unakimbia."

Machozi yalimtoka Aneth, yakaingia masikioni, na mkono wake mzima hakuuinua kuyafuta. Muuguzi akapita na toroli, akaenda zake.

"Nina kiu," Aneth alisema baadaye.

Severina alishuka kitandani akiminya meno, mbavu zikimchoma. Alikibana kikombe kati ya bendeji mbili, akakiinua taratibu asimwage. Kilipofika usawa wa uso, Aneth akakwepa. Kichwa kilirudi nyuma ghafla, kikazama kwenye mto, macho yamefumba. Wote wawili waliliona jambo hilo. Severina alikishusha kikombe mpaka kwenye ukingo wa kitanda, akakaa nacho hapo, akasubiri mpaka Aneth alipojisogeza mwenyewe akanywa.